Jumatano Ilikuwa Zamu Yangu

Atupele mwanangu,

Mambo ya koti, bima ya afya, namba ya ubalozi na jinsi ya kupika wali bila kuunguza sufuria ya watu, mama yako ameyaandika yote kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na mtu mwenye jambo moja ndiye huandika barua ndefu.

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, mama yako yuko kazini, nami nimekaa mezani jikoni na kalamu niliyokuja nayo kutoka ofisini (nitairudisha). Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza mimi ni karani. Nikishika tu karatasi nitaanza na "kwa kurejelea mazungumzo yetu," na hapo sote wawili tutakuwa tumepotea. Kwa Kiswahili sina pa kujificha. Najua unakisoma polepole, na yapo maneno yatakayokukwamisha. Mwishoni nitakuambia umwulize nani.

Jumapili, ulipokuwa unapanga nguo, mama yako alikuuliza kama umemwambia Shangazi Tusa aje stesheni. Ukamjibu, kwa Kiingereza chako kile cha haraka, kwamba hakuna haja, treni ni ya saa nne asubuhi na yeye angefika saa kumi jioni. Mama yako akaguna. Mimi nikacheka. Tangu Jumapili kicheko kile kimenikwama kooni kama mwiba wa perege.

Ili uelewe kwa nini, lazima nikueleze kidogo kazi yangu. Najua umeshaniambia mara tatu kwamba unakwenda Uholanzi kusoma sheria yoyote ile isipokuwa ya mabenki. Nivumilie. Kosa langu lilitokea humo ndani, na siwezi kulitoa bila kufungua mlango.

Mwaka ule sarafu ya pamoja ya Ulaya ilipoanza ulikuwa na miaka minane, nami nilikuwa karani kijana katika kitengo cha sheria cha tawi la benki moja ya ng'ambo hiyo unakokwenda. Benki yenyewe makao yake makuu yalikuwa Ulaya bara. Tawi lilikuwa hapa London, ghorofa ya tatu, lenye zulia la kijani na mashine ya kahawa iliyotoa supu. Sasa sikia muujiza. Nchi kumi na moja zilikuwa zimekubaliana kuwa na fedha moja na benki kuu moja, lakini kila nchi ilibaki na msimamizi wake wa mabenki. Ni kama nyumba yenye pochi moja na akina baba kumi na mmoja. Na sisi tulikuwa ng'ambo ya bahari, kwenye nchi iliyoikataa hata pochi hiyo. Kwa hiyo tawi letu lilikuwa na wasimamizi wawili: wa kule alitazama kama benki ina mtaji wa kutosha, na wa hapa alitazama kama kila siku tuna fedha mkononi za kuwalipa watu.

Ni mpangilio mzuri mpaka uulize swali la mtoto: benki ikianza kuyumba Ijumaa jioni, nani kati yao anafunga mlango?

Nilikuwa mwoga, Atu. Sijui kama umewahi kuliona hilo, maana nimejitahidi sana kulifunika kwa tai. Nilisoma hadi chuo kikuu kwa ufadhili, nikazijua sheria kwa vifungu, lakini mkuu wangu akiita jina langu nilisimama kabla hajamaliza. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinasubiri uamuzi Croydon, katika lile jengo refu la uhamiaji, nami niliamini kwamba mtu fulani ghorofa ya juu anaweza kuniona nikichelewa kutoka chakula cha mchana.

Nyumbani napo tulikuwa na umoja wetu. Mama yako alikuwa benki kuu. Alikuwa na shifti za usiku hospitalini, hakujishughulisha na mambo madogo ya kila siku, lakini akitamka neno moja wote tulitulia. Wasimamizi wako walikuwa wawili: mimi, na dada yangu Tusajigwe, Shangazi Tusa, ambaye wakati ule aliishi mtaa wa pili kutoka hapa Woolwich na alikuwa anafanya usafi kwenye maofisi upande wa Kilburn.

Kwetu Tukuyu jambo hili halikuhitaji karatasi. Mtoto ni wa wote. Nilipokuwa darasa la pili nililishwa na nyumba nne kwa siku moja, na mama wa nyumba ya tano akanichapa kwa kukataa ndizi zake. Tulikuja na desturi hiyo London tukiwa tumeikunja vizuri pamoja na vitenge. Tatizo ni kwamba hapa kuna lango la shule, linafunguliwa saa tisa na robo alasiri, na mwalimu aliyesimama pale hataki kusikia habari za wote. Anataka mtu mmoja.

Kwa hiyo nikaandika Hati ya Maelewano. Usicheke. Ofisini ndivyo wasimamizi wawili walivyofanya, nami nikaiga. Kurasa mbili, vifungu saba, nakala mbili. Jumatatu, Jumanne na Ijumaa shangazi. Jumatano baba. Alhamisi mama. Nilimpelekea dada yangu akiwa anasuka nywele zako, akaisoma kwa sauti huku kitana kikiwa mdomoni.

"Kifungu cha tatu," akasema. "'Upande utakaompokea mtoto utahakikisha ukwasi wake hadi atakapokabidhiwa.' Amba mdogo wangu, ukwasi ni kitu gani?"

"Kibenki ni fedha zilizo tayari mkononi. Yaani mtu asikwame leo kwa kungojea mali ya kesho."

"Mtoto wa miaka minane ana mali gani?"

"Hapo maana yake vitafunio, dada."

"Basi si uandike vitafunio."

"Hati inatakiwa iwe rasmi."

"Na hiki cha sita? 'Upande utakaoshindwa kutimiza zamu utautaarifu upande wa pili mapema iwezekanavyo.' Hapa umemwandikia nani? Mimi nikishindwa nitakupigia tu simu. Umejiandikia mwenyewe hiki."

Akatia sahihi zote mbili, akakunja yake akaiweka kwenye mkoba. Yangu nikaibandika kwenye friji, pale pale ilipo karatasi ya mama yako leo.

Sasa, kutoka mjini hadi lango la shule saa tisa na robo ilinibidi niondoke ofisini saa nane. Mtu jasiri angemwambia mkuu wake: nina mtoto. Mimi nilimwambia Bwana Hollis, Mwingereza mpole mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, kwamba kila Jumatano nina miadi kwa daktari wa meno. Kwa mwaka mzima mtu yule aliyahurumia meno yangu. Alhamisi asubuhi alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini kama nimelala. Ikifika siku ya kuzaliwa mtu ofisini, alinikatia kipande laini cha keki, cha katikati, kisicho na karanga.

Jumatano yenyewe ilikuwa ya mvua. Wiki kadhaa kabla, tawi letu lilikuwa limewaandikia wasimamizi wote wawili kuuliza lile swali la Ijumaa jioni. Majibu yakafika pamoja, na saa saba na nusu Bwana Hollis akatuita watu watano kwenye chumba cha mkutano.

"Wa kule wanasema," akasoma, "kwamba katika hali kama hiyo wana imani kamili na wasimamizi wa hapa."

"Na wa hapa?" akauliza mtu wa hesabu.

Bwana Hollis akabadilisha miwani. "Wa hapa wana imani kamili na wasimamizi wa kule."

Akazikunja barua zote mbili. Kisha akasema, "Basi tuko salama mara mbili."

Nikacheka. Nilicheka kwa mdomo wote, meno yote nje, kama mtu ambaye hajawahi kuumwa jino maishani. Hakuna mwingine aliyecheka. Hadi leo sijui kama alikuwa anatania. Wote wanne wakanitazama, na Bwana Hollis alinitazama mdomoni.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano, na nilitakiwa kusimama niseme ninakwenda kwa daktari wa meno.

Sikusimama. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Sina sababu kubwa kuliko hiyo ya kukupa. Hapakuwa na vita wala mafuriko, treni haikuharibika. Niliona haya kwa meno yangu. Saa nane ikapita, nikajiambia nitatoka nane na robo. Nane na robo ikapita, nikajiambia dada yangu ana akili, akiona kimya atakwenda. Kimya kipi? Alikuwa Kilburn na ndoo, hakuwa na habari kwamba mimi nimekaa. Katikati ya meza palikuwa na simu, hatua moja kutoka mkononi mwangu, na nilikuwa nimeandika kifungu cha sita kwa mkono huo huo. Lakini simu ya ofisi si ya mambo binafsi. Kwa hiyo nilikaa kwa muda wa saa tatu na watu wazima watano tukijadili kwa makini nani anapaswa kuliangalia tawi, na wewe ulikuwa huna wa kukuangalia.

Mengine ulinisimulia mwenyewe. Ulikaa kwenye benchi chini ya vigingi vya makoti, kopo la chakula magotini. Mlinzi wa shule alikuwa anapiga deki kwa mashine, na alipofika kwako akakuinua pamoja na benchi, akapitisha mashine chini, akakutua. Shule ilipiga simu hapa nyumbani, mama yako alikuwa ameichomoa ili alale kabla ya shifti. Ikapiga namba ya pili, ofisini kwa waliomwajiri shangazi yako, na ujumbe ukazunguka maghorofa mpaka ukamkuta. Aliacha ndoo katikati ya korido. Akavuka London nzima kwa treni tatu na basi moja, na saa kumi na mbili kasoro akaingia kwenye lile lango akiwa na aproni, amelowa.

Wewe uliona mtu mmoja tu amechelewa, na ndiye huyo aliyefika.

Nilifika nyumbani dakika chache baada yenu. Mlikuwa jikoni. Mama yako ndiyo kwanza anaamka, kilemba upande. Ukasema, "Shangazi alinisahau." Mama yako akauliza, kwa ile sauti ya benki kuu, "Leo zamu ya nani?" na akageuka kwenda kuvaa kandambili ndipo aje asome kwenye friji.

Katika sekunde zile nne mimi, mwoga aliyeshindwa kuinuka kwenye kiti saa nane mchana, nilifika kwenye friji kwa hatua mbili. Aliporudi, Hati ilikuwa mfukoni mwa koti langu.

"Tulibadilishana," nikasema. "Nadhani."

Hilo "nadhani" nililiongeza kwa uangalifu. Makarani tuna maneno kama hayo. Unayaweka mwishoni mwa sentensi ili uongo upate mahali pa kukaa. Dada yangu alinitazama. Akakutazama wewe, ulikuwa umenishika mguu wa suruali. Akavua aproni, akaikamua kwenye sinki, akasema, "Kweli. Nilisahau. Unisamehe, mwanangu."

Ulimpa jina siku hiyo hiyo: Shangazi Nilisahau. Lilikuwa jina zuri, kila mtu alicheka, hata yeye. Mama yako akamwondoa kwenye zamu. Mwaka uliofuata akapata kazi kwenye nyumba ya wazee Croydon akahamia huko. Ulipokua ukaacha kumwita kwa jina hilo, ukawa humwiti kabisa. Zawadi zake ulizifungua mwisho. Nami kila Krismasi nilijiambia kwamba mambo haya yamekwisha, mtoto hakumbuki. Mtoto anakumbuka benchi likiinuliwa.

Sijawahi kuwa jasiri tangu hapo, usidhani kulikuwa na siku nilibadilika. Miaka iliyofuata nilipewa kazi ya kutunza orodha ya simu za dharura, zile za kupiga benki ikipata shida. Siku moja nikazijaribu. Namba ya msimamizi wa kule ilikuwa imehamishwa, ikapokelewa na mama mmoja wa jikoni mwao, mkarimu sana, akaniambia Jumatano wana samaki. Nilipaswa kuripoti mara moja. Niliiweka orodha ile kwenye droo ya chini. Niliogopa nitaulizwa kwa nini sikuijaribu mapema. Mwaka juzi, nchi hii ilipoona watu wakipanga foleni nje ya benki tangu alfajiri, wengine na viti vya kukunja, niliitoa karatasi ile nikampelekea Bwana Hollis.

Akaisoma. "Ah, jikoni," akasema. "Nilijua. Nilidhani wewe hujui, sikutaka kukutisha."

Kisha, nikiwa mlangoni, akaniuliza binti yangu anaendeleaje. Sikuwahi kumwambia nina binti. Akasema mwaka ule wa kwanza, Jumatano moja, shule ilipiga simu ofisini pia ikauliza baba yake Atupele, na mhudumu wa simu akamwachia yeye ujumbe kesho yake. "Sikuelewa kwa nini ulihitaji meno," akasema, "lakini nilifikiri una sababu."

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye kazi yangu, na sasa wakubwa wanaandika sheria mpya kwa sababu hiyo. Nimezisoma rasimu. Ni nzuri. Zinajaribu kusema nani ana zamu, nani anafunga mlango, nani analipa. Hata kwetu wanazungumzia sarafu moja ya Afrika Mashariki, nami nimetamani kuwapigia simu niwaulize Ijumaa jioni ni zamu ya nani. Lakini hakuna kifungu nilichowahi kukiona kinachoweza kumfanya karani mwenye haya anyanyue simu iliyo mbele yake. Hilo linabaki kwa karani.

Basi leo nimeinyanyua. Kabla sijaanza barua hii nilipiga Croydon.

"Dada," nikasema, "ile Jumatano."

"Jumatano ipi, Amba? Zimepita nyingi."

"Ya mvua. Ilikuwa zamu yangu."

"Najua ilikuwa zamu yako."

"Yaani hatukubadilishana."

"Amba. Tulitia sahihi nakala mbili. Ulisema mwenyewe kila upande ubaki na yake. Yangu ipo kwenye kopo la biskuti pamoja na pasipoti. 'Jumatano, baba wa mtoto.' Una mwandiko mzuri sana."

Nikamwuliza kwa nini hakuitoa. Nikasikia akipunguza redio ya mzee mmoja huko nyuma.

"Mimi nilikuwa nakwenda kwangu kulala," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unabaki naye. Mtoto akishakosa imani na mtu, afadhali awe yule anayeondoka." Halafu akasema, "Na ulikuwa unatetemeka vile, ningesema neno ungeangukia kwenye sufuria ya maharage."

Kwenye mabenki kuna kitu kinaitwa mfuko wa dhamana. Benki ikianguka, mfuko unawalipa wenye akiba zao kwanza, wapate kulala. Habari ya nani alikosea inaulizwa baadaye. Nimefanya kazi na sheria zake miaka yote hii. Sikujua kwamba nina dada wa namna hiyo, na kwamba wewe umelala kwa amani katika nyumba hii miaka kumi kwa dhamana aliyoilipa yeye. Na habari ya nani alikosea haikuulizwa kamwe, mpaka leo.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, maana bila viatu hutoki. Mama yako nitamwambia akirudi asubuhi, kabla hujaamka. Ukisikia kishindo jikoni, usije. Ni mimi, na ni haki.

Ukikasirika njiani usiseme nami, sitakulaumu. Nitabeba begi kubwa nikae nyuma. Huko uendako ukikosea, na utakosea, sikuombi uwe jasiri kuliko baba yako, nakuomba tu upige simu saa nane na usingoje saa nane na robo. Piga hata kama huna la kusema. Piga hata kama si zamu yangu.

Tukifika stesheni usianze na sisi. Tafuta mwanamke mfupi mwenye koti la zambarau, atakuwa amekaa peke yake karibu na lango la treni za ng'ambo. Nilimwambia treni ni saa nne, akasema atafika saa moja. Mpe barua hii akusomee uliyokwama. Maneno yote ya humu anayajua.

Kabla hajakata simu alisema ataleta na mfuko mzito kidogo, nikuambie uache nafasi kwenye begi. Nikamwuliza una nini.

"Ukwasi," akasema.

Baba yako,
Ambakisye